Nyasi Zilizoliwa Nazo Zihesabiwe

Mhadhara kwa wanafunzi wa mifugo na wanyamapori, maafisa ugani na wazee wa vijiji vya wafugaji



Nimeombwa nizungumzie namna ya kupima uoto na uzalishaji wa mimea nyikani. Vyuoni somo hili hupewa wiki moja, wanafunzi wakakata nyasi mara mbili tatu, kisha fremu zikarudishwa stoo. Mimi naliona ni somo zito. Namba zinazotoka ndani ya fremu ya nusu mita kwa nusu mita ndizo zinazoingia kwenye mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji. Ndizo zinazotajwa wafugaji wanapoambiwa wapunguze mifugo, na ndizo zinazosomwa mkutanoni anapotafutwa wa kuitwa mharibifu wa mazingira. Namba ikikosewa huku chini, aliyekaa juu hana njia ya kuligundua kosa. Analipokea, analijumlisha na mengine, analitia sahihi.

Hoja yangu leo ni moja. Kwa muda mrefu tumekuwa tukipima nyasi zilizobaki, tukaziandika kuwa ndizo zilizoota. Walichokula ng'ombe, nyumbu, panzi na mchwa hakikuingia kwenye hesabu, wala kilichokauka na kuanguka, wala kilichokuwa kikikua chini ya udongo. Mwenye duka anayetazama rafu peke yake jioni, bila kufungua daftari la mauzo, akiziona tupu atasema duka limekufa, kumbe limeuza siku nzima. Hivyo ndivyo tulivyozisoma nyanda zetu nyingi.

Kuna maswali matatu ambayo hatuna budi kuyatenganisha. La kwanza: ardhi imefunikwa kwa kiasi gani? Jibu lake ni asilimia. La pili: leo hii, juu ya ardhi hii, umesimama uzito gani wa mimea? Jibu lake ni gramu kwa mita ya mraba, au kilo kwa hekta. La tatu: kwa mwezi au kwa mwaka umeota uzito gani? Hili lina muda ndani yake, na ndiyo maana haliwezi kujibiwa na mtu aliyekuja siku moja na gari akaondoka jioni. Ripoti nyingi nilizopitia zinajibu swali la pili, kisha katika sura ya mapendekezo zinazungumza kana kwamba zimejibu la tatu.

Nianze na kufunika, kwa sababu Kondoa inatuonyesha kwamba swali hilo lina uzito wake. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kupambana na makorongo yaliyokuwa yakila milima ya Irangi. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa kabisa katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Nyasi zilirudi, vichaka vikarudi, na mmomonyoko ukapungua. Pale kipimo sahihi kilikuwa kufunika. Tone la mvua likianguka juu ya jani hupoteza nguvu. Likipiga udongo mtupu huuvunja na kuuziba vinyweleo, na maji yanayoshindwa kuzama hushuka mteremko na udongo. Asilimia ya ardhi tupu inatabiri mmomonyoko vizuri kuliko uzito wa nyasi. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1980, ng'ombe wa maziwa waliporuhusiwa kurudi kwa masharti ya kufungiwa zizini na kukatiwa majani, swali likabadilika: sasa mtu alitaka kujua kilo ngapi zinaweza kukatwa bila kuiachia mvua ardhi tupu. Asilimia ya kufunika haikuweza kujibu hilo. Nasema haya nikikumbuka pia kwamba gharama ya miaka ile waliibeba wenye ng'ombe, na wana haki ya kuuliza tulipima nini na kwa nini.

Namna ya kupima kufunika ni nyingi, sitazimaliza. Iliyo rahisi ni kuweka fremu chini na kukadiria kwa jicho. Rexford Daubenmire, mwaka 1959, alipendekeza fremu ya sentimita 20 kwa 50 na madaraja sita: kutoka sifuri hadi 5, hadi 25, hadi 50, hadi 75, hadi 95, hadi 100. Madaraja hayo ni mapana kwa makusudi. Watu wawili hawatakubaliana kama nyasi zimefunika asilimia 32 au 38, lakini wote watasema iko kati ya 25 na 50. Halafu katika hesabu unatumia katikati ya kila daraja. Ni njia ya haraka, na udhaifu wake ni kwamba jicho hubadilika. Jicho la asubuhi si la saa nane mchana, na jicho la aliyetoka Tanga likifika Longido huona jangwa pasipo na jangwa.

Njia ninayoipenda zaidi ni ya nukta. E. Bruce Levy na E. A. Madden waliieleza huko New Zealand mwaka 1933: fremu yenye pini kumi, unaishusha pini moja moja, unaandika imegusa nini. Jani, shina, majani makavu, jiwe au udongo mtupu. Hakuna kukadiria. Pini 200 zikishushwa na 64 zikagonga udongo mtupu, ardhi tupu ni asilimia 32. Pini iwe nyembamba, yenye ncha, kwa maana pini nene hugusa majani ambayo ncha isingeyagusa, na kufunika kukaonekana kukubwa kuliko kulivyo. Upepo ukiwa mkali, subirini.

Wasio na fremu wanaweza kutumia mguu. Chora alama ndogo kwenye ncha ya kiatu, tembea mstari ulionyooka kuelekea kilima au mti wa mbali, na kila hatua ya pili usitazame chini mpaka mguu umetua; kisha andika alama imeangukia nini. Nukta 100 zinapokupa nusu ardhi tupu, mashaka yako ya kawaida ni asilimia 5 juu au chini. Ukitaka kuyapunguza nusu, yawe 2.5, huhitaji nukta 200 bali 400. Kanuni hii, kwamba kupunguza mashaka nusu kunagharimu kazi mara nne, ifahamike kabla ya kuandika bajeti.

Tena, amueni mapema mnapima kivuli cha majani au kitako cha nyasi. Kivuli hutanuka masika na kusinyaa kiangazi, hata pale ambapo hakuna shina lililokufa. Kitako, yaani sehemu shina linapoingia udongoni, hubadilika taratibu kwa miaka. Anayetaka kujua kama malisho yanazorota tangu miaka kumi iliyopita apime kitako, na apime mwezi uleule. Kuna malumbano mengi kuhusu kuharibika kwa nyanda ambayo yangekwisha kama watu wangetambua kwamba upande mmoja ulipima Aprili na mwingine Septemba.

Hapa sasa ndipo pagumu: fremu iwekwe wapi?

Huko Nebraska, mwishoni mwa karne ya 19, Roscoe Pound na Frederic Clements walikuwa wamezunguka sana katika nyanda za nyasi na kuandika mmea upi ni mwingi na upi ni adimu, kwa kutazama. Walipoanza kupima viwanja vya mita tano kwa tano na kuhesabu mmea mmoja mmoja, waligundua kwamba macho yao yalikuwa yamewadanganya. Mmea wenye ua la kung'aa ulikuwa umeonekana mwingi. Mnyonge uliojificha ulikuwa ndio uliojaa. Hawa walikuwa watu makini, waliozijua nyanda zao. Kama macho yao yaliwahadaa, sisi ni akina nani?

Wengi wanadhani dawa ni kuirusha fremu nyuma ya bega. Si dawa. Anayerusha anajua kichaka cha miiba kiko upande gani, na mkono wake unajua pia. Hatarusha kwenye kichuguu, hatarusha mahali alipoona nyoka jana, na kama anatafuta nyasi za kukata, hatarusha palipo na udongo mtupu. Mwaka 1927 Leonard Tippett alichapisha jedwali la namba nasibu ili watu waache kutegemea mkono wao. Leo simu ya mkononi inatoa namba hizo bure. Pima mstari wa mita 500, chagua kwa nasibu mahali pa kuanzia, kisha weka fremu kila baada ya mita 25. Au vuta namba kwa kila fremu. Namba ikikupeleka kwenye miiba, ingia kwenye miiba. Ikikupeleka kwenye udongo mtupu, andika sifuri. Sifuri ni kipimo kama vipimo vingine, na anayeiruka amedanganya.

Ninasisitiza hili kwa sababu nimeona uchaguzi wa mahali ukifanywa na nia badala ya nasibu. Anayetaka kuonyesha uharibifu hupimia karibu na birika la kunyweshea, ambako ng'ombe wote wa kijiji hupita kila siku. Anayetaka kuonyesha mafanikio ya mradi hupimia kando ya uzio. Picha zote mbili ni za kweli na zote mbili zinapotosha, kwa kuwa hakuna hata moja inayosimama badala ya eneo zima.

Nasibu haimaanishi kutupilia mbali maarifa. Kabla ya kuvuta namba, ardhi igawanywe katika matabaka yanayofanana ndani yake, na kila tabaka lipimwe peke yake. Na hapa wazee wangu, nyinyi mna ramani iliyo bora kuliko tulizo nazo ofisini. Mmasai anayetofautisha osupuko, malisho ya nyanda za juu zenye mvua, na olpurkel, malisho ya chini ya ukame, ameshafanya kazi ambayo mtaalamu huifanya kwa wiki mbili na kompyuta. Ongezeni mbuga za udongo mweusi, mabonde ya makorongo, na mahali pa maboma yaliyohamwa, ambako samadi ya miaka imeacha udongo wenye rutuba na nyasi fupi zinazopendwa sana. Boma la zamani ni dogo, na bahati nasibu tupu inaweza kulikosa kabisa. Likiwa tabaka lake, haliwezi kukosekana.

Kukata na kupima uzito nitakupitia haraka. Fremu ndogo ni nyepesi kazini lakini ina ukingo mrefu kulingana na eneo lake: fremu ya robo mita ya mraba ina mita mbili za ukingo, na kila sentimita ya ukingo ni mahali pa kubishana kama jani hili liko ndani au nje. Amueni kanuni, kwa mfano mmea ulioota ndani ya fremu ukatwe wote hata kama majani yametoka nje, na wa nje uachwe hata kama umeingia. Kisha kanuni hiyo isibadilike mpaka kazi iishe. Kateni kwa urefu mmoja. Majani mabichi na makavu yatengwe. Kila fungu litiwe kwenye mfuko wake wa karatasi, si wa plastiki, maana kwenye plastiki nyasi huvunda. Kausheni kwenye tanuri la nyuzi kati ya 60 na 70 mpaka uzito uache kushuka, kwa sababu nyasi changa za masika huweza kuwa na maji kiasi cha robo tatu ya uzito wake, na kupima mbichi ni kupima maji. Kwenye fremu ya robo mita ya mraba, kila gramu moja ni kilo 40 kwa hekta. Na kwa kuwa kukata kunachosha, mnaweza kukadiria kwa jicho fremu 100 na kukata 15 kati ya hizo, kisha mkazitumia hizo 15 kusahihisha jicho. Huko Afrika Kusini, Bransby na Tainton mwaka 1977 walieleza sahani inayoshushwa juu ya nyasi kwenye fimbo yenye vipimo: kimo inapotulia kinatafsiriwa kuwa kilo, baada ya kukisahihisha kwa kukata kwenye nyasi za mahali hapohapo.

Sasa tufike Serengeti, kwa sababu huko ndiko kosa la kupima masalio lilikoonekana wazi kuliko popote.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikadiriwa kuwa kama 250,000. Sotoka ilipodhibitiwa kwa kuchanja ng'ombe wa vijiji vya jirani, ndama wa nyumbu wakaacha kufa, na mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu walikuwa karibu milioni 1.3. Ni mbuga ileile. Nyasi za kuwalisha zilitoka wapi? Sehemu kubwa zilikuwapo siku zote, zikikauka na kuungua moto kila kiangazi. Kadiri nyumbu walivyoongezeka, moto ulipungua, kwani kilichokuwa kikiungua sasa kililiwa. Lakini hiyo haikuwa habari yote.

Mwanaikolojia Samuel McNaughton wa Marekani alipoanza kazi Serengeti miaka ya 1970, hakupima kilichosimama peke yake. Alitumia vizimba vya waya vinavyohamishika. Mwaka 1976 alieleza nyumbu walivyopita kwa siku chache magharibi mwa Serengeti na kuondoa karibu asilimia 85 ya majani mabichi. Mtu angefika siku hiyo angeandika kwamba eneo limemalizwa. Lakini wiki zilizofuata, palipoliwa palichipua, huku ndani ya uzio ambamo nyumbu hawakuingia majani yakizeeka na kupungua. Na swala tomi walipokuja baadaye walichagua pale nyumbu walipokula. Kazi yake iliyochapishwa mwaka 1985 ilionyesha kwamba katika Serengeti wanyama hula kwa wastani karibu theluthi mbili ya nyasi zinazoota juu ya ardhi kwa mwaka, na kwamba kuna mahali ambapo huliwa zaidi ya asilimia 90. Fikirini mahali kama hapo: anayekata masalio mwisho wa msimu anakamata chini ya sehemu moja ya kumi ya kilichoota.

Namna ya kufanya ni hii, na sioni sababu ya kijiji chochote kushindwa. Chagua mahali kwa nasibu. Hapo tafuta vipande viwili vya nyasi vinavyofanana, na urushe shilingi kuamua kipi kifunikwe kwa kizimba. Siku hiyohiyo kata nyasi kwenye kipande cha tatu kinachofanana na hivyo. Tuseme umepata gramu 80 kwa mita ya mraba. Baada ya wiki nne kata ndani ya kizimba na kata nje. Tuseme ndani ni gramu 140 na nje ni 70. Anayetazama nje peke yake ataandika kwamba nyasi zimepungua gramu 10, malisho yanazorota. Aliye na kizimba ataona kwamba zimeota gramu 60, kutoka 80 hadi 140, na wanyama wamekula 70, tofauti ya 140 na 70. Kisha kizimba kinahamishiwa mahali pengine palipokuwa pakiliwa, na hesabu inaanza upya. Mwisho wa mwaka unajumlisha miezi.

Kuhamisha ndiko kunakobeba kazi yote. Kizimba kikiachwa mwaka mzima mahali pamoja, nyasi za ndani hurefuka, hujitilia kivuli, huacha kuchipua, hazikanyagwi wala hazipati mkojo na samadi. Umeshapima kitu kingine. Hata wiki nne zina upendeleo wake kidogo, kwa kuwa waya hukata upepo na ndani hakuna anayekula. Ndiyo sababu vizimba viwe vingi katika kila tabaka, na fremu ikatwe katikati ya kizimba, mbali na waya.

Haki inataka niseme kwamba si wote waliokubaliana na McNaughton. A. Joy Belsky, ambaye naye aliyajua malisho ya Afrika Mashariki, aliandika mwaka 1986 akihoji kama kweli kuliwa kunaufaidi mmea, akionyesha kwamba ushahidi mwingi uliotajwa haukutosha. Nami sisemi kwamba ng'ombe zaidi maana yake ni nyasi zaidi. Nyasi zikiliwa kabla hazijarudisha akiba yake, mara baada ya mara, zinakufa, na hakuna kizimba kitakachozifufua. Ninachosema ni kwamba ubishi ule haukuweza hata kuanza kabla mtu hajapima kilicholiwa.

Bado kuna kilicho chini. Kuanzia mwaka 1964 hadi 1974, mpango wa kimataifa wa biolojia uliwapa watafiti wa dunia njia ya pamoja ya kupima uzalishaji, na kwa nyasi wengi walichukua tofauti kati ya uzito wa juu kabisa na wa chini kabisa kwa mwaka. Kwa nyanda za baridi, ambako nyasi huota msimu mmoja, njia hiyo inavumilika. Kwetu, ambako jani huzaliwa na kufa mwezi mmoja, inapoteza mengi. Miaka ya 1980 kundi la watafiti akiwamo S. P. Long na Mkenya S. K. Imbamba walipima upya nyasi za tropiki, Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ikiwa moja ya maeneo yao, pamoja na Mexico na Thailand. Kila mwezi walipima yaliyo hai, yaliyokufa, mizizi, na kasi ya kuoza. Walipojumlisha kilichokufa na kuoza kati ya kipimo na kipimo, pamoja na mizizi, uzalishaji ulitoka mkubwa mara kadhaa kuliko njia ya zamani ilivyoonyesha. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 1989. Mfugaji hali mizizi, najua, lakini mizizi ndiyo akiba inayochipua mvua ya kwanza ikinyesha, na anayeulizwa kama malisho yatarudi baada ya ukame anaulizwa habari za mizizi.

Twende kwenye hesabu inayowagusa wazee. Ng'ombe wa kilo 250, ndiye anayetumika kama kipimo, hula kwa siku majani makavu yenye asilimia 2.5 ya uzito wake: kilo 6.25, sawa na kilo 2,281 kwa mwaka. Tuseme kijiji kina hekta 3,000 za malisho, na kanuni ni kula nusu na kubakiza nusu. Aliyepima masalio akapata kilo 900 kwa hekta atasema wanatosha ng'ombe 592. Aliyepima uzalishaji kwa vizimba akapata kilo 2,400 atasema 1,578. Ni mfano wangu tu, lakini tofauti ya namna hiyo hutokea, na ndani yake kuna karo za watoto na mahari za vijana.

Wala ile namba kubwa isichukuliwe kuwa ruhusa. Wastani wa mvua ya miaka kumi haumlishi ng'ombe mwaka wa ukame. Mwaka 2009 wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania na kusini mwa Kenya walipoteza mifugo mingi, na hakuna namba moja ya ng'ombe kwa hekta ambayo ingewaokoa. Aliyepona mara nyingi ni aliyeweza kuhama. Kwa hiyo vipimo viandikwe kwa mwaka na kwa tabaka, visifinywe kuwa namba moja ya kudumu itakayobandikwa ukutani.

Kipimo kizuri huweza pia kumaliza chuki ya zamani kati ya wafugaji na wanyamapori. Katika Kituo cha Utafiti cha Mpala, Laikipia, tangu mwaka 1995 kuna jaribio la viwanja 18, kila kimoja mita 200 kwa 200, vingine vikiruhusu ng'ombe peke yao, vingine wanyamapori, vingine wote, vingine hakuna. Mwaka 2011 mtafiti Mkenya Wilfred Odadi na wenzake walionyesha kwamba kiangazi ng'ombe waliochangia malisho na wanyamapori waliongezeka uzito kwa kiasi pungufu ya waliokuwa peke yao. Lakini masika mambo yaligeuka, na waliochangia ndio walionenepa zaidi, kwani wanyamapori kama pundamilia huondoa mashina makavu magumu na kuacha majani yenye lishe. Angalieni: jibu lilitegemea msimu. Aliyepima mara moja kwa mwaka angetoka na nusu ya ukweli, na kwa nusu hiyo angewagombanisha watu.

Wanafunzi wataniuliza: si kuna satelaiti? Zipo, na tuzitumie. Tangu Landsat ya kwanza mwaka 1972 tunaweza kuona ukijani wa nchi nzima kwa kulinganisha mwanga mwekundu, ambao jani hai huumeza, na ule ulio karibu na mwekundu usioonekana kwa macho, ambao jani huurudisha. Huko Marsabit, mwaka 2010, ilianzishwa bima ya mifugo ya kulipa wafugaji kwa kutazama ukijani huo. Ni kazi ya heshima. Lakini satelaiti huona kijani, haioni malisho. Kule Baringo, mti wa mathenge ulioletwa miaka ya 1980 kuzuia jangwa ulienea ukafunga malisho. Kutoka juu, eneo hilo linang'aa kwa kijani. Waulizeni wafugaji wa huko, Wailchamus, waliokwenda mahakamani Nairobi wakiwa na mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula maganda ya mti huo. Kufunika kulikuwapo, uzalishaji ulikuwapo, chakula cha mifugo ndicho kilichopungua. Kwa hiyo daima andikeni aina ya mmea pamoja na uzito, kwa jina la Kimasai au Kisukuma au Kiswahili kama la kisayansi halijulikani. Litatafutwa baadaye. Uzito usio na jina la mmea hautamsaidia mtu.

Ninayoomba kijiji kiyafanye ni machache. Mafundi wa kuchomelea wapo kila mji mdogo, na kizimba cha nondo nyembamba na waya wa kuku hakizidi uwezo wa kijiji kilichouza hata ng'ombe mmoja. Viwe tayari kabla ya mvua za Machi. Vijana wawili waliomaliza kidato cha nne wafundishwe kukata, kukausha na kupima, na mzee mmoja anayezijua nyasi awe pamoja nao kila mara. Karibu na vizimba kuwe na kipima mvua. Daftari liwe na safu hizi: tarehe, mvua tangu kipimo kilichopita, tabaka la ardhi, namba ya kizimba, gramu za ndani, gramu za nje, aina za nyasi, nukta za udongo mtupu, na majina ya waliokata. Ukurasa ukikosewa upigwe mstari mmoja ili kilichoandikwa kwanza kiendelee kusomeka. Afisa wa wilaya akija apewe nakala. Daftari lenyewe libaki ofisi ya kijiji.